Mbuzi wa Chupa ya Bluu

Lodwar, Jumatatu, tarehe tatu Machi. Upepo wa upande wa ziwa ulianza kabla chai haijachemka, na kufikia saa nne vumbi lilikuwa limeficha mlingoti wa simu wote isipokuwa ile taa yake nyekundu. Mawingu yalikuja, yakatuangalia kutoka juu ya vilima, yakaenda zao.

Nilistaafu wiki iliyopita. Nyinyi mnaobaki kwenye banda la wanyama mmeniomba niandike nilivyofanya kazi. Sijui kama mimi ndiye wa kuandika. Nilisoma Lokori mpaka darasa la saba, na majina marefu ya kemikali niliyajua kwa masikio kabla ya kuyajua kwa macho. Nikikosea, mwenye vitabu anisahihishe, sitakasirika. Lakini kumshika mnyama mwenye kiungo kilichovimba bila kumuumiza zaidi, hilo nalijua, na kwa hilo sitajifanya mnyonge.

Niliajiriwa kufagia. Kituo chetu cha utafiti wa mifugo wakati huo kilikuwa na nyumba moja ya panya weupe, iko nyuma ya ofisi, na msimamizi wake alikuwa Mzee Barasa, fundi wa maabara kutoka upande wa Bungoma. Siku ya kwanza hakunipa panya. Alinipa sabuni.

"Nawa. Tena. Umepaka mafuta gani hayo?"

"Ya kawaida, Mzee. Yananukia kidogo tu."

"Kwako kidogo. Huyu panya akinusa hayo atafikiri umemletea mgeni. Nenda kanawe mpaka ubaki wewe peke yako."

Nilinawa mpaka ngozi ikakauka kama ya kenge. Ndipo akanionyesha namna ya kushika: kiganja chini ya kifua, vidole viwili nyuma ya shingo, bila kubana. Mimi nilimkamata yule panya jinsi tulivyozoea kukamata kitu kinachotaka kukimbia. Mzee Barasa akaniambia, "Mama Ekal, huyo sio kuku wa Krismasi. Ukimtisha, mwili wake utatoa dawa ya hofu, na ile dawa ya hofu inatuliza uvimbe. Sisi tutaandika kwamba dawa yetu imefanya kazi, kumbe ni wewe umemtisha." Niliona ananitania. Baadaye nikajua ni kweli tupu.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Kulikuwa na unga uliotengenezwa kwa mwani, yaani majani ya baharini. Bahari yenyewe Mzee Barasa hakuwa amewahi kuiona, na mimi vilevile, lakini unga wake tuliujua vizuri. Unayeyushwa, unachomwa kidogo sana kwenye wayo wa panya, na kabla mchana haujaisha wayo umevimba kama wa mtu mwenye baridi yabisi. Halafu wanapewa dawa mbalimbali, na sisi tunapima. Kupima ilikuwa kwa bomba la kioo lenye maji: unachovya mguu mpaka kwenye mstari wa wino uliouandika juu ya kifundo, unasoma maji yamepanda mpaka wapi. Mstari ukianza kufutika, unauandika tena kabla haujafutika wote. Wengi wenu mnangoja ufutike wote kisha mnakisia ulikuwa wapi. Msifanye hivyo.

Joto la Lodwar lilikuwa adui wetu mkubwa. Mnyama aliyepata joto sana anavimba tofauti, kwa hiyo tulitundika magunia yenye maji madirishani, na stima ikipotea tulikimbilia jenereta kabla ya kukimbilia kitu kingine chochote. Mkurugenzi mmoja alikuja akakuta panya wana feni na yeye ofisini hana. Alibeba kiti chake akaja kuandikia ripoti kwetu.

Siku moja nilimuuliza Mzee Barasa kwa nini dawa moja inapunguza uvimbe asubuhi na haifanyi kitu mchana, na nyingine ni kinyume chake. Alifurahi, nadhani hakuna mfagiaji aliyewahi kumuuliza. Akavuta ndoo, akakaa juu yake.

"Mwili ukiumizwa unatoa kemikali, na hazitoki pamoja. Ya kwanza ni histamini. Hiyo inafungua mlango. Mishipa midogo inalegea, maji ya damu yanavuja nje, kiungo kinakuwa na joto. Halafu bradikinini, hiyo ndiyo inayochoma. Halafu prostaglandini."

"Na hiyo inafanya nini?"

"Peke yake? Kidogo tu. Ukimchoma mnyama prostaglandini peke yake, atashtuka kidogo, basi. Lakini zile nyingine zikiwepo... Kwaya ya kanisa lenu unaijua?"

"Naimba humo, Mzee."

"Pole. Sasa, siku yule kijana wa spika akiwepo, inakuwaje?"

"Hata Lokichar wanatusikia."

"Basi huyo ndiye prostaglandini. Yeye haimbi. Anapandisha sauti."

Kuanzia siku hiyo nilielewa tulichokuwa tunatafuta. Ukimnyamazisha mtu wa spika, kwaya bado inaimba. Ukifunga mlango peke yake, walioko ndani bado wana spika. Je, ukifanya yote mawili kwa pamoja, kwa dawa kidogo kidogo, utapata zaidi ya jumla ya zile mbili? Hilo ndilo swali lililonilisha miaka yangu yote ya kazi. Mwenye elimu atalisema vizuri zaidi, lakini swali lenyewe ni hilo.

Sitaki mfikiri nilikuwa najivuna barabarani. Sokoni waliniita Mama Panya. Mwaka mmoja wa ukame, watu wakiwa kwenye foleni ya mahindi ya msaada, mama mmoja aliniona nikishusha gunia la chakula cha panya.

"Mama Panya! Wako wanakula nini leo?"

"Chakula chao tu, dada."

"Waambie wanangu wanawasalimia. Waambie na wao wana miguu, wanaweza kuvimbishwa wakipewa chakula kama hicho."

Watu walicheka, naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilibeba gunia langu nikaenda. Jibu zuri nimelitafuta tangu hapo, na bado lile ninalolipata usiku linaharibika asubuhi. Nasema tu kwamba mama yule alikuwa na haki ya kuuliza.

Mzee Barasa alipostaafu, akarudi kwao, mimi nikapelekwa Kakuma. Huko kituo kilikuwa na banda la mbuzi nje ya mji, upande wa lagga, ule mto mkavu, kwa sababu panya alikuwa ametuambia alichojua na sasa tulitaka mnyama mwenye goti kubwa, ambaye ugonjwa wa viungo unamsumbua kweli katika mifugo yetu. Daktari wa kazi hiyo alikuwa Daktari Mutua, kijana wa Machakos, mtaalamu wa mifugo, mtu wa kofia pana na hasira za karibu. Hasira yake ilikuwa inaisha haraka kama ilivyoanza, hiyo lazima niiseme. Mchungaji wa banda alikuwa Lopeyok, Mturkana aliyezeekea kwenye mifugo, ambaye shule aliipita kwa nje akipeleka mbuzi majini.

Mpango ulikuwa hivi. Kila mbuzi anachomwa kidogo cha ule unga kwenye goti moja la mbele. Goti linavimba, anachechemea siku kadhaa. Nusu yao wanapewa sindano kutoka chupa yenye utepe mwekundu, nusu kutoka chupa yenye utepe wa bluu, na kila mbuzi ana kamba shingoni ya rangi ya chupa yake. Chupa moja ilikuwa na dawa mbili zilizochanganywa, ya kufunga mlango na ya kuzima spika. Nyingine ilikuwa maji ya chumvi, ili tupate kulinganisha. Ipi ni ipi, sisi wa Kakuma hatukuambiwa. Aliyejua ni Madam peke yake, mkuu wa kituo, na yeye alikuwa Lodwar. Inafanywa hivyo makusudi, kwa sababu mpimaji akishajua, vidole vyake vinaanza kuipendelea dawa bila yeye kutaka.

Nilipima magoti asubuhi na jioni kwa kalipa, kile chuma chenye taya mbili. Wa kamba nyekundu wakapungua uvimbe. Vizuri. Wa kamba ya bluu nao wakapungua, vilevile. Tukarudia na mbuzi wengine. Vilevile.

Daktari Mutua aliacha kula. Waliokuwa wanalipia utafiti walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi, na barua yao ilikuwa wazi: kama dawa haiishindi chumvi, kazi inafungwa, banda linafungwa, mbuzi wanauzwa. Kwake ilikuwa kazi ya miaka. Kwangu na Lopeyok ilikuwa ajira. Na lile swali la Mzee Barasa lingebaki bila jibu milele, angalau kwa upande wetu.

"Mama Ekal," Daktari aliniambia, "nakuuliza kwa heshima. Chupa hazijachanganyika?"

"Sidhani, Daktari."

"Sidhani sio jibu."

"Basi ngoja nihakikishe." Na nilihakikisha. Nilirudia kila sindano mbele yake, kamba na utepe, kamba na utepe. Hazikuwa zimechanganyika. Lakini nakiri nililala vibaya wiki hiyo, kwa sababu mtu wa darasa la saba akiulizwa swali mara mbili anaanza kujishuku hata jina lake.

Aliyegundua alikuwa Daktari mwenyewe. Alikuwa ananyoa shingo ya mbuzi wa bluu ili atoe damu, mashine ikateleza ikashuka begani, na chini ya manyoya tukaona mistari mifupi, ya moto.

"Hii ni nini?"

"Alama," nikasema. "Mbuzi wa huku wana makovu ya moto, ni kawaida."

"Kovu? Hii bado ina gamba." Akanyoa bega la mwingine, na mwingine. Kila mwenye kamba ya bluu alikuwa na mistari. Wa nyekundu, hakuna hata mmoja. Sote tulikuwa tunaangalia magoti. Mabega hatukuwa na habari nayo.

Lopeyok alikuwa ameketi kivulini juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha kukalia na kulazia kichwa. Daktari alimwendea akipiga kelele.

"Mzee, ni nani amechoma mbuzi hawa?"

"Ejok, Daktari," akamsalimu. "Ni mimi."

"Ni wewe! Na hukusema?"

"Hukuniuliza. Wewe unauliza goti tu, kila siku goti, goti."

"Kwa nini umechoma hawa peke yao?"

"Sababu hao wengine wanapata dawa. Hii ya bluu iko chumvi tu."

Daktari alifanya kitu ambacho sitakisahau. Aliziba masikio kwa mikono miwili, kama mtoto, kwa sababu siri ile hata yeye hakutakiwa kuijua. Lakini ilikuwa imeshaingia.

"Umejuaje?" nikamuuliza Lopeyok kwa Kiturkana.

"Nililamba. Chupa ikiisha, si mnatupa? Nililamba hii, chungu. Nililamba ile, chumvi. Nikasema, aa, hawa wa bluu wamesahauliwa." Akageukia Daktari, akarudi kwa Kiswahili. "Mnyama iko mikononi yangu, inachechemea, inaniangalia. Wenzake wanatibiwa. Nitakaa tu? Watu watasema huyu mzee ni wa namna gani. Nikachoma bega, maumivu ya goti ipate njia ya kutoka."

Daktari alitaka kumfukuza siku hiyohiyo. Alimpigia Madam, naye Madam akaja kutoka Lodwar kesho yake, akakaa nasi hapohapo bandani, mchana, mbuzi wakitusikiliza.

Nitajaribu kueleza alichosema kila mtu bila kumwegemea yeyote.

Daktari alisema kazi imeharibika, na alikuwa sahihi. Alieleza kwamba jeraha la pili linaweza kutuliza la kwanza. Moto begani unamwaga kemikali zake, huenda unaiamsha ile tezi iliyo juu ya figo, na tezi inatoa dawa ya mwili wenyewe ya kupoza uvimbe, kote, hata gotini. Kwa hiyo chumvi haikuwa chumvi tena. Alisema neno "huenda", na namheshimu kwa neno hilo, maana alikuwa na hasira na bado alilitumia.

Lopeyok alisema, "Basi mimi niliponya."

"Ulipunguza uvimbe," Daktari akasema. "Na ukamwongezea mnyama kidonda. Kuponya ni kitu kingine."

"Na wewe uliyemvimbisha goti, hicho ni kitu gani?"

Madam alitazama kalamu yake. Daktari akasema polepole kwamba magoti ya mbuzi hawa yanaumia kwa siku chache, ili magoti ya mbuzi wengi na ya watu pia yasiumie miaka. Alisema vizuri. Lopeyok alisikiliza mpaka mwisho, akaitika kwa kichwa kwamba ameelewa. Sikuona kama amekubali, na sidhani kuelewa na kukubali ni kitu kimoja.

Madam akasema, "Mzee, tunaanza upya. Utabaki na kazi yako. Nataka neno moja tu: kwamba hutagusa mbuzi wa bluu."

"Siwezi kusema hivyo."

"Mzee Lopeyok, sema tu," nikamnong'oneza. "Unahitaji kazi."

"Mama, nikisema hapa halafu yule akanilalia miguuni analia, nitachoma. Sasa si nitakuwa nimedanganya mama mkubwa huyu? Afadhali niende nyumbani leo nikiwa mkweli."

Akaanza kukusanya vitu vyake, blanketi na kikombe. Daktari Mutua alimwangalia akikunja blanketi. Nilijua anafikiri, kwa sababu alivua kofia.

"Ngoja," akasema. "Madam, tunahitaji chumvi kweli?"

"Ni wewe uliyeandika chumvi."

"Niliandika chumvi kwa sababu ndivyo inavyoandikwa. Lakini swali letu sio kama dawa inashinda hewa. Swali ni kama mbili zinashinda moja. Basi chupa moja iwe na ile moja, ya kuzima spika, ambayo kila mtu anaijua. Nyingine iwe na zote mbili. Hakuna mbuzi anayeachwa bila kitu." Akamgeukia Lopeyok. "Mzee, kila mmoja akiwa na dawa, utachoma?"

"Kwa nini nichome mwenye dawa? Mimi ni mwendawazimu?"

Madam alisema tofauti kati ya makundi itakuwa ndogo, ngumu kuonekana, na kwamba wenye pesa wanapenda tofauti kubwa. Alikuwa sahihi pia. Daktari alijibu kwamba anapendelea tofauti ndogo ya kweli. Sijui kama alisema hivyo kwa ushujaa au kwa kuchoka. Madam akakubali kuwaandikia wageni wasogeze ziara, na wao, kwa haki yao, wakasogeza.

Chupa mpya zilipokuja, Daktari alimpa Lopeyok zote mbili mwenyewe, mbele yetu. Mzee akadondosha tone mkononi, akalamba ya nyekundu, akakunja uso. Akalamba ya bluu, akakunja uso zaidi, akatema chini.

"Ejok," akasema, yaani ni vizuri, akaenda kufungulia mbuzi.

Mbuzi waliopata dawa mbili walipona mapema kuliko waliopata moja. Sio wote; palikuwa na wawili wakaidi ambao hakuna dawa iliyowagusa. Lakini wengi wao walipungua kwa kiasi ambacho ile moja peke yake haikukifikia. Mimi ndiye niliyeshika kalipa, sikuambiwa chupa ipi ni ipi, na niliposomewa matokeo nilitafuta simu. Nilimpigia Mzee Barasa. Alikuwa ameanza kuwa kiziwi, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilipomaliza akauliza, "Mliandika tena mistari kabla ya kufutika?" Nikamwambia mbuzi hapimwi kwa maji. Akasema, "Hata hivyo."

Wageni walikuja, banda halikufungwa, na ndilo hilo mnalofanyia kazi leo. Kuna wanaosema tungepata jibu kubwa zaidi kama tungebaki na chumvi. Huenda. Sina elimu ya kubishana nao. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile hakuna mbuzi aliyelala banda lile na goti lililovimba bila kupewa kitu, na kazi iliendelea, na kila anayekuja na mpango wenye chumvi peke yake ninyi mnapaswa kumuuliza swali lile alilouliza Daktari, mkiwa mmevua kofia. Hilo naliandika bila wasiwasi wowote.

Jioni upepo umetulia. Tumekula ugali, samaki mkavu wa Kalokol aliyechemshwa na nyanya, na mboga kidogo ya jana. Mume wangu alitaka nimeze kwanza kidonge cha goti maana nilichechemea tangu asubuhi. Nikamwambia hapana, ile prostaglandini ninayoifukuza gotini ndiyo hiyohiyo inayolinda tumbo. Nimekula mpaka nikashiba, ndipo nikameza.